Namba Nyeupe

6 Novemba
Mvua ya kwanza ya maana. Imeanza saa nane mchana, na bati langu jipya limepiga kelele mpaka redio haikusikika. Nimeona nianze kuandika tena. Miaka thelathini na mmoja nikiwa dereva wa serikali kule Kibondo niliandika kila siku mstari mmoja au miwili kwenye shajara ndogo tulizopewa mwisho wa mwaka: nimetoka wapi, nimefika wapi, barabara ikoje. Nilipostaafu Julai nikaacha, na tangu hapo siku zinanipotea mkononi. Jumanne siijui, Alhamisi siijui.

Mambo yalivyo ni haya. Naitwa Benedicto, nina miaka sitini. Mke wangu Evaline alifariki miaka mitatu iliyopita. Binti yetu Verediana ameolewa Mwanza, ananipigia kila Jumapili baada ya misa. Nimerudi Nyakitonto nilikozaliwa, kwenye nyumba niliyoijenga kwa simu, nikituma pesa na fundi akinitumia picha. Watu hawanijui na mimi siwajui, ingawa majina ya baba zao ninayo yote kichwani. Kwa kiinua mgongo changu nimenunua Probox ya rangi ya fedha, mkono wa pili, injini nzima. Nataka niifanye teksi.

Verediana anauliza kwa nini, wakati pensheni inanitosha. Nimemjibu kwamba mzee akikaa bure anaota kutu. Ukweli sikumwambia, ila hapa nauandika. Miaka yote ile waliopanda gari nililoendesha walikuwa wamepangiwa na ofisi. Walikaa nyuma wakaongea na simu zao. Nataka mtu anyooshe mkono kwa hiari yake, afungue mlango wangu, akae, aniambie habari za kwao. Nyumba hii imekuwa kimya mno.

8 Novemba
Kasulu, ofisi ya leseni za usafirishaji. Afisa ni kijana anaitwa Nurudini, mtu wa Pangani. Ana miezi saba hapa na bado anavaa sweta mbili. Amenipa shikamoo ndefu ya kwao na kiti kabla sijaomba. Masharti amenisomea taratibu: gari likaguliwe na polisi, bima ibadilishwe iwe ya kubeba abiria, namba ya mlipakodi, leseni yangu ya udereva, na barua ya mwenyekiti wa kitongoji kuthibitisha kwamba mimi ni mkazi na mwenendo wangu unajulikana. Vikikamilika anaviingiza kwenye mfumo, kibali kinatoka, nang'oa namba za njano za mtu binafsi nafunga nyeupe za biashara.

Amenitania. Anasema wengi hapa hawamjui hata sura. Wanabeba abiria kwa namba za njano mchana kweupe, magari yao yanaitwa michomoko, na maisha yanakwenda. Mzee kama mimi najisumbua nini? Nimemwambia sijawahi kuendesha hata kilomita moja nje ya kibali. Nilisema kwa kujivuna, nakiri. Mwaka 2015, Mei Mosi, nilipewa cheti cha mfanyakazi bora kwa ajili ya hilo hilo. Kiko ukutani hapa sebuleni, na fremu yake.

13 Novemba
Ukaguzi. Askari amekuta breki ya mkono imelegea na mkanda wa nyuma kushoto haufungi. Nimeona haya. Mimi niliyefundisha madereva wadogo kukagua gari kila alfajiri.

14 Novemba
Mkanda mpya. Mvua.

16 Novemba
Ukaguzi umepita. Bima tayari. Imebaki barua tu.

20 Novemba
Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mpawenimana. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, yeye akiwa mgongoni mwa mama yake. Uraia walipata wote juzi juzi tu. Leo yeye ndiye wa kuandika kwamba mimi, niliyekatiwa kitovu hapa, ni mtu wa hapa. Nilicheka peke yangu njiani.

Nilimkuta barazani anachambua mbegu za maharage. Mkewe Rosa alinitolea kigoda, akarudi ndani. Ni mwanamke mwembamba, mkimya. Huwa tunasalimiana bombani asubuhi. Mpawenimana alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ego, Dereva. Njoo Jumatatu."

Ego ni ndiyo ya huku, na Dereva ndilo jina langu hapa. Sijasikia mtu akinitaja Benedicto tangu nifike, isipokuwa bibi Esteri, jirani yangu wa ng'ambo ya njia, aliyenijua nikiwa mtoto na ananiita Bene.

27 Novemba
Jumatatu. Mwenyekiti alikuwa shambani. Njoo Jumatatu.

4 Desemba
Mhuri uko kwa mtendaji. Njoo Jumatatu.

9 Desemba
Siku ya soko. Nimewakuta akina mama watano wamesimama chini ya mti kwenye njia panda, mvua inawapiga, vikapu vichwani, maji yanawatiririka mgongoni. Nikasimamisha gari nikashusha kioo. Niliwaambia wapande, bure, kwa sababu kibali bado na siwezi kupokea hata senti. Walitazamana. Mmoja akasema wanapumzika tu. Kwenye mvua ile! Nikarudia kwamba ni bure. Wakanishukuru kwa adabu zote na hakuna aliyesogeza mguu.

Nikadhani labda ni haya ya wanawake. Kwenye kioo, kabla sijafika kona, nikaona mchomoko umesimama pale na wote watano wanajibana ndani, wa mwisho na kikapu chake mapajani. Niliendesha mpaka nyumbani sijui hata nilipita wapi. Imeniuma, sitaficha.

11 Desemba
Njoo Jumatatu.

18 Desemba
Njoo baada ya sikukuu. Nimeanza kumchukia mtu huyu na mbegu zake za maharage.

25 Desemba
Misa ya asubuhi. Benchi nililokalia lilikuwa na nafasi ya watu watatu zaidi, na wengine wamesimama mlangoni. Nyumbani nimepika wali na kuku. Nimebeba sahani nikaenda kulia garini, kwenye kiti cha dereva, nikafungua redio. Huko ndiko nimezoea kula. Verediana alipiga, mtandao ukakatika, hakupiga tena.

31 Desemba
Mvua siku nzima. Evaline angejua la kufanya na kuku aliyebaki.

5 Januari
Nurudini amenipigia kuuliza kama barua imepatikana. Amesema mfumo unafuta maombi yasiyokamilika baada ya siku tisini. Kisha hakukata simu. Tumezungumza kama dakika ishirini kuhusu samaki wa kwao, ambao mimi siwajui hata mmoja.

12 Januari
Saa nne asubuhi filimbi ililia upande wa kanisani. Nilikuwa nimesahau sauti ile. Huku kwetu kila nyumba ina bega lake kwenye machela, ingobyi kwa jina la wenyewe. Mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye pikipiki analazwa humo, wanaume wanne wanambeba, wengine wanafuata kupokezana. Filimbi ikilia kila nyumba inatoa mtu. Hakuna malipo wala hakuna shukrani, maana kesho ni wewe. Baba yangu alibeba mpaka bega la kulia likaota sugu. Yapo majina yamepangwa kwenye daftari, na daftari anakaa nalo Mpawenimana.

Walikuwa wanamrudisha Stanislaus fundi uashi kutoka zahanati, mguu umefungwa plasta. Nililiona kundi likipandisha njia yetu, tope mpaka magotini, nikaona nafasi yangu imefika. Niliwasha gari, nikalitoa getini, nikalisimamisha katikati ya njia na kufungua milango yote. Nikawaambia wamlaze kiti cha nyuma, nimpeleke mpaka mlangoni kwake.

Mpawenimana alikuwa mbele kushoto. Hakupunguza mwendo wala hakunikemea. Wakakunja wakapita kando ya gari langu, wawili majanini na wawili kwenye mtaro wenye maji, wakimnyanyua Stanislaus juu ya vichwa vyao asiguse bati, wakaendelea na mlima. Stanislaus mwenyewe aligeuza uso upande wa pili. Nikabaki na milango minne wazi na mvua inaingia kwenye viti.

13 Januari
Leo nitaandika sana.

Asubuhi bibi Esteri alivuka njia akaja. Ana miaka karibu themanini na anatembea kwa fimbo, kwa hiyo kuvuka kwake si jambo dogo. Alikaa jikoni, akakataa chai, akaniuliza kama ni kweli sijui. Nikamuuliza nisijue nini.

Akanieleza. Ilikuwa masika, miaka tisa inakaribia. Rosa wa Mpawenimana alikuwa na mimba ya miezi tisa na uchungu wa siku mbili. Zahanati ikashindwa, wakaambiwa wampeleke hospitali, Kabanga. Hakukuwa na gari kijijini wakati ule. Wanaume wakambeba kwenye machela mpaka barabara kuu ya Kibondo, wakangoja hapo, halafu wakaona ni heri watembee kuelekea Kasulu kuliko kusimama. Mvua ilikuwa haionyeshi hatua kumi. Esteri alikuwepo, yeye na wanawake wawili, wanashika khanga juu ya mgonjwa. Likaja gari la serikali kutoka Kibondo, jeupe, tupu. Waliweka machela chini barabarani ili lisimame. Mpawenimana akanyoosha mikono yote miwili.

"Ukapiga honi, Bene," alisema. "Ukapunguza mwendo, ukatuzunguka polepole, vizuri kabisa, usituchafue na matope. Nilikuona uso. Siye sote tulikuona uso, mtoto wa Bukuru."

Bukuru ni baba yangu. Mtu wa sugu begani.

Walifika Kabanga jioni. Rosa walimwokoa. Mtoto alishakufa tumboni, na Rosa hakuzaa tena.

Nilimwambia Esteri kwamba sikumbuki, na ndiyo kweli. Nilifunga macho mbele yake nikatafuta mvua, machela, mikono, nikaona barabara tu, kama zilivyokuwa barabara zote. Miaka ile watu walinyoosha mikono kila siku. Agizo lilikuwa gari la serikali halibebi mtu asiye na kibali, na mimi nililishika kuliko dini. Wenzangu walibeba watu wakala na pesa zao. Mimi niliwaona wezi.

Esteri alipoondoka nilifungua sanduku la bati. Shajara zote zimo, thelathini na moja. Nikachukua ya 2015, nikaanza Machi, nikisoma mstari kwa mstari. Ulikuwa mkono wangu, wino wa bluu, herufi zilizonyooka:

"18 Machi. Kibondo–Kasulu, kuleta gari matengenezo. Peke yangu. Mvua kubwa. Safari salama."

Nimeusoma mpaka maneno yamekosa maana. Nimetafuta kama nilifuta kitu, kama kuna alama yoyote pembeni. Hakuna. Wiki sita baada ya hapo nilipewa cheti. Nimekishusha ukutani, nikakosa pa kukiweka, nikakisukuma chini ya kitanda kama mwizi anayeficha kitu.

Na mwanamke yule kila asubuhi bombani ameitikia salamu yangu.

14 Januari
Sikwenda misa. Sikuchota maji.

15 Januari
Jumatatu. Nilikwenda kwa Mpawenimana, si kwa ajili ya barua. Alikuwa peke yake barazani. Nilikataa kigoda, nikasema nikiwa nimesimama kwamba nimeelezwa, kwamba nimeangalia maandishi yangu mwenyewe na nimekuta kweli siku ile nilipita. Nikamwambia kwamba sikumbuki, na kwamba nikisema nakumbuka nitakuwa nimeongeza uongo juu ya yale. Niliomba msamaha. Nikauomba tena, kwa sauti ya kusikika.

Alisimama. Halafu akaingia ndani, akatoka na bahasha. Ndani kulikuwa na barua yenye mhuri: Benedicto Bukuru ni mkazi wa kitongoji hiki kwa kuzaliwa, hana kosa lolote la jinai, mwenendo wake unajulikana kwa wananchi. Tarehe ilikuwa ishirini Novemba.

"Niliiandika siku ile ile ulipotoka," alisema. "Kila Jumatatu nilijiambia leo atasema mwenyewe. Sikujua kwamba hukujua. Kwa siye haiwezekani mtu asijue."

Nikamuuliza nifanye nini sasa. Akasema hilo si lake. Yeye alinyoosha mikono tu. Aliyekuwa amelala chini ni Rosa, na Rosa hajamwambia neno juu yangu tangu nihamie. Akanisindikiza mpaka mwisho wa uwanja, kama desturi inavyotaka.

16 Januari
Bahasha iko mezani. Mwenendo wake unajulikana. Naam, unajulikana.

19 Januari
Mvua. Nimemkuta Rosa bombani. Nilitaka kusema, akaniwahi na salamu, akajitwisha ndoo, akaondoka.

21 Januari
Verediana amepiga. Nilimsimulia yote. Akasema, "Baba, lakini ilikuwa sheria." Nimekata simu kwa sababu ndivyo hasa ningesema mimi.

26 Januari
Nimepeleka barua Kasulu. Nilifikiri niuze gari. Kisha nikaona kwamba nikiliuza nitakaa ndani ya nyumba hii mpaka nife nikisikia filimbi. Nurudini amefurahi kuliko mimi, ameingiza kila kitu kwenye mfumo papo hapo, anaminya vitufe kwa vidole vyenye baridi.

9 Februari
Kibali kimetoka. Namba nyeupe nimezifunga mwenyewe kwa bisibisi, mbele na nyuma, hapo hapo nje ya ofisi. Nilikuwa nimeingoja siku hii miezi mitatu. Nimezitazama, ni bati tu.

12 Februari
Kijiwe cha teksi Kasulu. Mgeni anakaa mwisho wa foleni. Abiria: sifuri.

15 Februari
Daktari aliyehamishiwa Kabanga kutoka Iringa, na mabegi mawili. Alikaa nyuma, akaongea na simu mpaka tukafika.

16 Februari
Mwalimu. Simu.

20 Februari
Mvua ilipokuwa inaanza jioni, Nurudini alitoka ofisini akaja moja kwa moja kwenye gari langu, akafungua mlango wa mbele, akakaa. Nyumbani kwake ni mwendo wa dakika saba kwa miguu. Alitaka nizungushe mji. Alinisimulia mama yake anavyopika, na jinsi bahari inavyonuka maji yakitoka, na kwamba jirani zake hapa ni wema ila hajui la kuongea nao. Nilimwambia kwamba mimi ni mzaliwa wa hapa na sijui pia. Tulicheka. Ndiye mtu wa kwanza aliyenifanyia lile nililolitamani, na ni mgeni kama mimi.

Nilimsimulia habari ya machela. Nilitaka aniambie jambo. Alisema kwao mtu akikosa anakwenda kwa aliyemkosea na kukaa mlangoni, hata asipofunguliwa. Nikamjibu kwamba mlangoni kwa Rosa siwezi kukaa. Ni mke wa mtu.

28 Februari
Bibi Esteri anakohoa. Nimempelekea uji. Amesema kijijini wanajua kwamba nilikwenda kwa mwenyekiti. Nikauliza wanasemaje. "Wanangoja," akasema. Nikauliza wanangoja nini. Amesema hajui, labda wenyewe hawajui.

4 Machi
Daraja dogo la shuleni limechukuliwa na maji. Hakuna kwenda Kasulu.

7 Machi
Wanaume wanatengeneza daraja. Nilikwenda na jembe. Hakuna aliyenifukuza. Nilipewa upande wa mchanga, peke yangu.

11 Machi
Daraja linapitika. Akina mama wa soko wamenipita wakanisalimia vizuri, wakaenda kungoja mchomoko.

16 Machi
Kijiweni. Abiria wawili, wote wageni. Nimeanza kuona ndivyo itakavyokuwa.

18 Machi
Tarehe niliijua nilipofungua macho. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Sikutaka kwenda Kasulu, nikawa nafuta gari uani bila sababu.

Saa mbili asubuhi Rosa alisimama getini. Alivaa kitenge kizuri na viatu vya kanisani, mkoba mkononi. Aliuliza kama teksi ina kazi. Nikasema haina. Alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, akakaa nyuma ya kiti changu, ambako kwenye kioo nilimwona nusu ya uso.

Aliuliza nauli mpaka barabara kuu na mbele kidogo. Nikamwambia mama, wewe hulipi. Hapo ndipo aliponijibu, na hakupandisha sauti.

"Sitaki lifti. Lifti ulininyima. Nilingoja mpaka ukapata namba nyeupe, ili nipande kwa haki yangu. Teksi inasimama anaposema aliyelipa. Ndivyo sheria yake?"

"Ndivyo, mama."

"Basi twende. Nitakuambia."

Akanipa noti kabla sijawasha, nikaipokea.

Tulishuka kijijini. Watu walikuwa mashambani wanapalilia maharage, na niliona majembe yakisimama moja baada ya jingine. Kwenye lami tulikunja kuelekea Kasulu. Tukaenda kama robo saa, halafu akasema, "Sio huku. Ingia ya zamani."

Sikuwa nimefikiri hilo. Lami ilipojengwa walinyoosha kona nyingi, na vipande vya barabara ya changarawe vikaachwa pembeni, vimeota majani. Niliacha lami nikaingia. Nyasi zilisugua tumbo la gari. Kulikuwa na mteremko, mtaro uliofukiwa, na safu ya mikaratusi upande wa kushoto.

"Simama."

Alishuka. Mimi nilibaki na mikono kwenye usukani, maana dereva haachi gari, nimeishi hivyo maisha yangu yote. Alitembea kama hatua kumi mbele ya boneti, akatazama chini, akasogea kidogo kulia kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mkeka, akatulia. Niliona siwezi kumtazama kupitia kioo cha mbele. Kioo kile kile, mwanamke yule yule. Nikazima injini nikashuka.

"Nilikuwa nimelala hapa," alisema. "Kichwa huku. Nilikuwa nimefunikwa khanga, sioni kitu, nasikia mvua tu. Mtoto alikuwa bado anacheza. Nikasikia gari."

Akasogeza kokoto kwa ncha ya kiatu.

"Nilipolisikia gari nilifurahi. Nikamshika Esteri mkono nikamwambia, limekuja. Ukapiga honi. Nikadhani unawaambia wanibebe. Halafu nikaona magurudumu, chini ya khanga, hapa karibu na uso wangu, yanapita taratibu. Nilihesabu mawili. La mbele na la nyuma."

Alinionyesha kwa kidole njia niliyopita. Hakulia. Mimi nililia, na aliniacha nilie bila kunifariji wala kunikataza. Nilitazama pale chini kwa nguvu zangu zote. Nilitazama mikaratusi, mtaro, kona. Nilitaka kitu kimoja tu kirudi, hata honi. Nyasi, kokoto, mavi ya mbuzi.

"Umekumbuka?" aliniuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Mtu mwingine angesema, na labda lingekuwa neno la huruma.

"Sikumbuki, mama."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyesikia bei aliyoitarajia.

"Basi leo utakumbuka," alisema.

Tukasimama pale. Sijui kwa muda gani, sikutazama saa. Gari moja lilipita kwenye lami juu, halafu jingine. Baadaye alirudi, akafungua mlango, akakaa pale pale nyuma yangu, akasema twende. Nilimrudisha mpaka uwanjani kwake. Mpawenimana alikuwa amesimama nje, akatusalimia wote wawili. Rosa alishuka, akasimama kidogo na mkono juu ya mlango, akauliza kama keshokutwa nina kazi. Esteri anazidi kukohoa, itabidi apelekwe Kabanga, na yeye atamsindikiza. Nikasema sina kazi. Akafunga mlango.

Nimekaa garini nje ya nyumba mpaka mvua ikaanza tena, kisha nimeingia kuandika. Ninamwona. Amelala chini barabarani, amefunikwa uso, amemshika mwenzake mkono, na anafurahi kwa sababu amesikia gari.